SUPACHAJA KWANZA, BREKI BAADAYE? HAPANA JAMANI!



Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sawa, utani naukubali. Leo nafungua kesi, na safari hii si ya kuku. Washitakiwa ni vijana wenzangu, wa rika langu kabisa, wengine nimesoma nao. Kosa lao: kufunga supachaja kwenye gari nyumbani, uani kwa mzee, kabla hata hawajagusa breki.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mtu anapata Altezza au Mark II. Mwaka wa kwanza anaweka rimu kubwa. Mwaka wa pili anabadilisha ekzosi, mtaa mzima usilale. Mwaka wa tatu anaagiza supachaja ya mtumba kutoka Japani au Dubai, anaita rafiki mwenye boksi la spana, wanafungua boneti chini ya mwarobaini, na baada ya Jumamosi mbili gari linapiga mluzi. Desemba ikifika analipandisha Same ili nyumbani wamwone. Hapo ndipo mimi nainuka kwenye kiti.

Kabla hamjaanza kunishambulia, niseme wazi: sipingi gari lenye nguvu, na sipingi mtu kulitengeneza kwa mikono yake. Ninachopinga ni mpangilio wa kazi. Nasema hivi: supachaja ndiyo kitu cha MWISHO kufungwa kwenye gari. Kama huna uwezo wa kumaliza yanayotangulia, basi supachaja yenyewe huna uwezo nayo, hata kama umeshailipia.

MVUKUTO TU, HAKUNA UCHAWI

Kwa wale ambao si watu wa gereji, supachaja ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu kuliko injini inavyoweza kuivuta peke yake. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi, nguvu inaongezeka. Basi. Ndugu yake, tabo, anafanya kazi hiyo hiyo ila anazungushwa na moshi wa ekzosi.

Sasa nani hapa Upareni anajifanya hajui kazi ya kusukumia moto hewa? Ugweno, kule Pare Kaskazini, watu walikuwa wakiyeyusha chuma karne nyingi kabla Mjerumani hajafika. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo, na majembe na silaha za Wagweno zilivuka hadi Uchagani. Chombo chao kikuu kilikuwa mvukuto: ngozi inayosukuma hewa kwenye makaa mpaka chuma kinalainika.

Na wala si mfano wa kulazimisha. Mwaka 1860 ndugu wawili wa Kimarekani, Philander na Francis Roots wa mji wa Connersville, Indiana, waliandikisha hataza ya mashine ya kupuliza hewa. Mashine hiyo ilikwenda kufanya kazi kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma. Miaka mingi baadaye watengenezaji wa magari wakaichukua, na mwaka 1921 Mercedes wakaonyesha Berlin magari yao yenye kompresa. Hadi leo aina moja ya supachaja inaitwa Roots. Kwa hiyo kijana, ulichofunga kwenye Altezza yako ni mvukuto.

Lakini mfua chuma alianza na nini? Alianza na tanuru. Udongo wake, kuta zake, makaa yake. Mvukuto ulikuja baadaye kwa sababu alijua kwamba ukipuliza kwenye tanuru bovu, linapasuka na kazi yote inamwagika. Wazee hao hawakuwa na cheti cha chuo chochote. Sisi wenye digrii tunaanza na mvukuto.

UTETEZI WA KWANZA: "NI KUFUNGA BOLTI TU"

Huu ndio utetezi mkubwa, na wauzaji wa spea wanaupenda sana. Eti kifaa kinakuja kamili, unafunga bolti, unavuta mkanda, unawasha.

Hebu tuwaulize Toyota wenyewe. Mwaka 1986 walipoiwekea supachaja injini yao ya 4A-GE, ile ya MR2, hawakufunga bolti wakaenda kula. Walishusha mgandamizo wa injini kutoka 9.4 kwa 1 hadi 8 kwa 1. Waliweka pistoni za kufuliwa. Waliweka intakula ya kupooza hewa. Hata supachaja yenyewe waliipa klachi ya umeme ili ikatike pale isipohitajika. Injini ikapewa jina jipya kabisa, 4A-GZE, na nguvu farasi 145. Hao ni watu waliochora injini hiyo kwa kalamu yao. Na hizo zilikuwa lita 1.6 tu!

Sasa angalia Altezza RS200 ya gia za mkono. Injini yake ya 3S-GE ilitoka kiwandani ikiwa na mgandamizo wa 11.5 kwa 1. Yaani hewa tayari inabanwa kweli kweli. Juu ya hapo wewe na rafiki yako mnataka kuongeza nyingine, kwa pistoni zile zile, kwa nozeli zile zile za petroli, kwa kontroli boksi ile ile ambayo haina habari kwamba kuna mgeni kwenye boneti.

Kinachofuata kinaeleweka bila kuwa injinia. Hewa ukiibana inapata joto. Chukua mchana wa kawaida wa Same, nyuzi 32. Supachaja ya kawaida ikiongeza mgandamizo wa nusu ya ule wa hewa ya nje, hewa hiyo inaweza kutoka upande wa pili ikiwa karibu nyuzi 90. Unaipeleka kwenye silinda iliyokwisha kuwa na moto wake. Petroli inajilipukia sehemu isiyotakiwa, wakati usiotakiwa, pistoni ikiwa bado inapanda. Utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka au gasketi ya silinda hedi inaungua. Kwa lugha ya mtaani: injini imenoki.

Dawa zipo. Intakula. Nozeli kubwa. Pampu ya petroli inayotosha. Kupanga upya kontroli boksi ili moto wa plagi uchelewe na petroli iongezwe. Na kifaa cha kupimia mchanganyiko wakati gari linafanya kazi. Kile kihisi cha oksijeni cha kiwandani kinasoma vizuri karibu na uwiano wa kawaida tu, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Injini yenye supachaja ikibanwa mlimani inataka petroli zaidi, kama sehemu 12 za hewa kwa moja, pengine chini kidogo ya hapo. Kihisi cha zamani hakiwezi kukwambia ukweli eneo hilo. Unahitaji kile cha masafa mapana. Bila hicho unasikiliza kwa sikio na kumwomba Mungu.

Ukijumlisha vyote hivyo, supachaja yenyewe ni sehemu tu ya gharama. Mpare aliyekosa hesabu hiyo sijui kalelewa wapi.

UTETEZI WA PILI: "MLIMA UNAKULA NGUVU"

Huu una ukweli ndani yake, siwezi kuwanyima. Mji wa Same uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Pale hewa imeshapungua karibu asilimia 10 ukilinganisha na Tanga mjini. Ukipanda vijiji vya juu, ukikaribia mita 2,000, karibu moja ya tano ya hewa haipo. Shengena yetu inapita mita 2,400. Injini ya kawaida inayovuta hewa yenyewe inapungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Supachaja inarudisha kilichopotea na kuongeza. Ndege za vita vya pili vya dunia zilifungwa supachaja kwa sababu hiyo hiyo.

Sawa. Umepanda. Sasa nieleze utashukaje.

Maana barabara zetu hazina upande mmoja. Kila mita uliyopanda kwenda Mbaga, Vudee, Suji au Usangi, utairudisha. Tupige hesabu ya shule ya sekondari. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 1,000 linatakiwa kuachia nishati ya karibu megajuli 14. Joto hilo linatosha kuchukua ndoo mbili za maji ya lita 20, ya uvuguvugu wa kawaida wa bombani, na kuyachemsha yote mpaka yatokote. Ndoo mbili! Baadhi ya joto hilo litabebwa na injini ukishuka kwa gia ndogo, na upepo utachukua kidogo. Kilichobaki kinakwenda kwenye breki zako. Supachaja haitakusaidia hata kijiko kimoja.

Halafu kuna mafuta ya breki, kitu ambacho wengi hawajabadilisha tangu gari lishuke melini. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka kwenye hewa. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga pedeli, inakwenda hadi sakafuni, hakuna kitu. Kona iko mbele yako, kulia mwamba, kushoto migomba ya watu iko chini ya magurudumu yako mita hamsini.

Kasi nayo ina hesabu zake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, kasi imeongezeka kwa nusu, lakini nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza inakuwa mara mbili na robo. Ndiyo maana mtu aliyeongeza nguvu bila kuongeza breki hajaboresha gari. Amelifanya bovu kuliko lilivyokuwa.

Na kwa wale wanaodhani heshima ya dereva iko kwenye hewa ya kusukumwa, naomba mkumbuke Safari Rally. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kwa bendera ya Kenya, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Zote kwa Datsun ambazo hazikuwa na supachaja wala tabo. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, nayo ikivuta hewa yenyewe. Tabo ilikuja kushinda mwaka 1984, Björn Waldegård na Toyota Celica, tena kwa timu kubwa yenye mafundi na magari ya huduma njia nzima. Matope, mawe na vumbi la Afrika Mashariki vilishindwa kwanza na magari yaliyodumu na kusimama. Wewe unashindana na nani kwenye kona ya Mwembe?

UTETEZI WA TATU: "GARI NI LANGU"

Gari ni lako, ndiyo. Barabara je?

Barabara kuu ya Dar kwenda Moshi na Arusha inapita katikati ya mji wetu. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, Same, basi la abiria na basi dogo yaligongana yakawaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha, wengi wao wakiungua kiasi cha kutotambulika. Taarifa za siku zile zilitaja tairi la basi kupasuka. Mungu awapumzishe. Sisemi ajali ile ilihusu gari la kuchokonolewa, haikuhusu kabisa. Naitaja kwa sababu sisi wa hapa hatuna haki ya kujifanya hatujui kitu kidogo kama tairi kinaweza kufanya nini, hata kwenye barabara ya lami iliyonyooka.

Na huko juu milimani lami iko wapi? Ni njia nyembamba. Asubuhi kuna watoto wa shule. Siku ya gulio kuna akina mama wenye mizigo ya ndizi na tangawizi, bodaboda imebeba abiria wawili na gunia, Noah imejaa watu hadi mlangoni. Hao hawakukubaliana na wewe kuhusu majaribio yako. Hawajui kwamba kwenye gari linalokuja kuna mkanda uliokazwa Jumamosi na mtu aliyejifunza kwenye video.

Bima nayo ni mkataba wa kusema ukweli. Ukibadilisha injini namna hiyo bila kuwaambia, siku umegonga wana hoja ya kukataa kukulipa gari lako. Wangapi wamekwenda kutangaza? Nyoosheni mikono.

KWA WENYE MAMLAKA NAO

Msifikiri nitawaacha. Kuna watu wakisikia habari hizi jibu lao ni moja: pigeni marufuku, fungeni gereji bubu. Mimi nasema hapana. Gereji bubu ndizo zinazoendesha nchi hii. Fundi wa chini ya mwarobaini ndiye anayefufua Fuso inayoshusha tangawizi ya Mamba Miamba. Ndiye anayechonga bushi isiyopatikana dukani. Ukimfukuza, vijana hawataacha kufunga supachaja. Watafunga usiku, bila mtu yeyote wa kuwaambia acha.

Tatizo ni kwamba tunampima kwa stika. Kila mwaka tunakwenda kwenye ukaguzi, taa zinawaka, honi inalia, stika inabandikwa kwenye kioo. Mara ngapi mmeona mkaguzi akifungua boneti akauliza nguvu hii imetoka wapi, na breki zimeongezwa kiasi gani? Stika ya namna hiyo ni pambo.

Ninachotaka ni rahisi. VETA wapo, walimu wapo. Wafundishe kazi hii hadharani kama wanavyofundisha umeme wa magari: kupima mgandamizo wa silinda, kupima mchanganyiko, kupanga kontroli boksi, kupima breki kwa mashine. Gari lililoongezwa nguvu lipimwe breki kwanza, mwenyewe aandikiwe cheti, na fundi aliyefanya kazi aweke jina lake. Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu kazi yake itajulikana. Fundi mbabaishaji ndiye ataogopa kusaini.

UTARATIBU NINAOUDAI

Kwa wale ambao wamesoma mpaka hapa na bado supachaja iko kwenye boksi sebuleni, huu hapa mpangilio. Ubandikeni ukutani.

1. Tairi. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kama tairi lina umri wa mdogo wako wa darasa la tatu, litoe, hata kama kashata bado zipo.

2. Breki. Diski, pedi, mipira ya breki, na mafuta mapya. Kisha teremka mlima pole pole ukiwa na mtu anayejua, usikie pedeli inabadilikaje.

3. Upoozaji. Rejeta safi, feni nzima, hosi zisizopasuka. Gari linalochemsha likipanda Mwanga kwenda Usangi likiwa la kawaida, ukiliongezea joto unategemea nini?

4. Afya ya injini. Pima mgandamizo wa kila silinda. Ikiwa moja imeshuka mbali na wenzake, kazi imeishia hapo. Injini iliyochoka haipulizwi.

5. Petroli na vipimo. Pampu, nozeli, kihisi cha masafa mapana, na mtu anayeweza kupanga kontroli boksi kwa namba anazoziona kwenye kioo.

6. Sasa, na si kabla ya sasa, fungua lile boksi.

Utaniambia ukifika namba 4 pesa imekwisha. Vizuri sana! Maana yake una gari linalosimama, linalopoa, lenye tairi zima. Utafika Same Desemba, utamsalimia mama, utashuka Januari. Gari hilo ni zuri kuliko la jirani yako linalopiga mluzi, na sitachoka kulisema hata mkiniita mshamba.

Wenye supachaja zilizofungwa kwa kufuata utaratibu, nawavulia kofia. Waliorukia namba 6, paki gari leo. Usingoje Desemba.

Naomba kutoa hoja.